Posa ya Chuo Kikuu

Mwatime binti Mbarak hakupenda kabisa kuambiwa "labda". Aliliona ni neno la watu wanaotaka kukunyima kitu na bado uwashukuru. Asubuhi ile ya Oktoba mwaka 1987, ndani ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika shule moja ya sekondari ya Silver Spring, aliambiwa neno hilo kabla kiti chake hakijapata joto, na likarudiwa mpaka akaacha kuhesabu.

Mshauri mwenyewe alikuwa mama wa Kimarekani mwenye miwani ya mnyororo. Hakuwa mtu mbaya. Hilo tulimalize mapema. Alikuwa amekunjua jedwali la wanafunzi waliopita pale shuleni, nani aliomba chuo gani, kwa alama zipi, akajibiwa nini, na kalamu yake ilikuwa ikishuka mstari kwa mstari taratibu, kama daktari anayekuonyesha picha ya mfupa uliovunjika.

"Sabiha ni hodari," alisema. "Hesabu zake ni za juu kabisa. Kiingereza chake kwenye mtihani wa kuingia vyuoni ni kizuri, lakini si cha kuwashangaza. Chuo hiki mnachokitaka huko kaskazini hukataa wengi kuliko kinaowachukua, na kutoka shule yetu hakijachukua mtu siku nyingi. Maombi ya mapema ni karata moja tu. Mkiitupa huko, labda itapotea bure. Kuna chuo kizuri hapa hapa Maryland. Huko, akiomba mapema, sina wasiwasi naye."

"Nasikia wanaoomba mapema ndio wanaochukuliwa zaidi," Mwatime alisema.

"Kwa hesabu, ndiyo. Lakini hao ni watoto wa waliosoma pale, na wacheza michezo, na wale waliotengenezewa njia tangu wakinyonya. Hesabu yao huwezi kumpa Sabiha. Halafu akikubaliwa mapema amefungwa. Anaondoa jina lake kwingine kote, hata hamtaweza kulinganisha nani angempa msaada gani wa ada. Mnatia sahihi, yeye, wewe na mimi, kwamba wakimtaka yeye ni wao. Ni ahadi."

Mwatime akainua kichwa. "Kumbe ni posa!" alisema kwa Kiswahili, na mshauri, ambaye hakuelewa, akatabasamu kwa adabu.

Tangu hapo mambo yote yakamkaa sawa kichwani. Alama na majedwali hakuyajua sana, lakini posa aliijua. Kwao Kibokoni, Mombasa, neno hupelekwa nyumba moja, na likishatolewa halichezewi. Wala hakuna mzazi wa maana aliyepeleka neno nyumba ya karibu kwa sababu tu ya uvivu wa kutembea.

"Tutapeleka kaskazini," alisema.

"Labda mngefikiri kidogo zaidi."

"Nimefikiri tangu siku niliyoshuka kwenye ndege. Mimi sikuja Amerika kuokota kilichobaki kwenye sinia."

Na kweli alikuwa amefikiri. Alikuja Washington katikati ya miaka ya sabini, mjane kijana mwenye mtoto mdogo, akipikia familia ya ofisa mmoja wa ubalozi. Muda wa ofisa ulipokwisha, familia ikafunga masanduku. Mwatime hakufunga lake. Mke wa ofisa akamwonya kwamba nchi hii itamtafuna. Mwatime akamjibu na ijaribu, aone kama ina meno. Karatasi za kukaa alizipata kwa tabu ambazo hakupenda kuzisimulia, na sasa alikuwa fundi wa cherehani nyuma ya duka la dobi kwenye barabara ya Georgia Avenue, akipunguza suruali na kubadilisha bitana za makoti.

Makoti hayo ndiyo yaliyompandisha mori. Mengine yalikuwa ya buluu, na kifuani yalishonwa nembo ya chuo kile cha kaskazini. Wenye nayo walikuwa wanaume wa kuongea polepole, watu ambao hakuna karani aliyewahi kuwaambia warudie jina lao. Mwatime kila siku alirudia lake, tena herufi kwa herufi. Basi akala kiapo peke yake mbele ya cherehani: nembo ile itaingia nyumbani kwake, na haitaingia kwa kuletwa kutiwa bitana.

Sabiha mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, mtoto wa kuvaa sweta moja mpaka lipauke. Kiswahili alikisikia chote. Kujibu, alijibu kwa Kiingereza, tena kwa maneno machache sana.

Jioni ile Mwatime alimkalisha jikoni. "Mwanangu, sikiza. Nataka tupeleke jina lako chuo cha kaskazini, mapema. Wakisema ndiyo, basi, hakuna pengine. Usome udaktari. Waridhia?"

Sabiha akaitazama chai yake. Hakusema kitu.

Mwatime akangoja, jinsi wazazi wake walivyongoja. Kwao msichana akiulizwa habari ya posa hatarajiwi kuruka na kuitikia. Huinamisha macho, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Hata shekhe huikubali hivyo. Mwatime mwenyewe aliulizwa hivyo hivyo kuhusu Jabir, akanyamaza, akaolewa, na ndoa ikawa njema mpaka Mungu alipomchukua Jabir. Basi akamkumbatia binti yake, akamwombea kheri, akaenda kumpigia simu kaka yake.

Kaka huyo ni Shee, tarishi wa ubalozi aliyekuwa akiishi Columbia Heights, mtu ambaye kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama bila yeye. Kwa kuwa Jabir hayupo, Shee alijiona ndiye baba, na hakuna aliyempinga.

Mwezi wa Novemba chuo kikaleta habari: mtu mmoja aliyesoma huko zamani, wakili anayeishi upande wa Falls Church, angependa kumwona mwombaji nyumbani kwake Jumamosi alasiri.

"Wataka kumwona," Mwatime alimwambia kaka yake kwenye simu.

"Basi hatwendi mikono mitupu," Shee akajibu.

Hakuna aliyewaza vingine. Msichana wa watu atumwe peke yake nyumbani kwa mwanamume asiyemjua, akakae ajisifu kwa mdomo wake? Hilo lingekuwa jambo la aibu, na Mwatime aliamini kabisa kwamba watu wa chuo cha heshima wangemdharau kwalo. Ijumaa alipotoka kazini akaweka sufuria motoni, akakoroga halua mpaka mkono ukafa ganzi. Jumamosi wakaingia katika Datsun ya Shee, wakashika barabara kuu ya Beltway kuelekea Virginia: Shee na kanzu yake na kofia ya vito, Mwatime na buibui jipya juu ya koti la baridi, na Sabiha nyuma, amepakata mkebe wa halua na chupa ya kahawa.

Wakili akafungua mlango. Akawatazama wote watatu, kisha akachungulia nyuma yao kama kuna wengine wanaokuja.

"Nilikuwa namtarajia Sabiha," alisema.

"Ndiye huyu," Shee akamjibu kwa Kiingereza chake cha ubalozini, "na sisi ndio watu wake."

Wakakaa. Wakili akamuuliza Sabiha kwa nini anakitaka chuo chao. Shee akasema ni kwa sababu chuo hicho ni cha watu wa maana, na ukoo wao ni wa watu wa maana, akaanza na babu yao aliyekuwa kadhi. Wakili akauliza kitabu gani kimemgusa siku za karibuni. Mwatime akasema avisoma vyote. Wakili akauliza ni jambo gani linalomshinda. Shee akasema hakuna, lakini Mwatime, aliyechelea kijicho kwa kumsifu mtoto kupita kiasi, akaongeza haraka, "Kupika. Kupika hajui kabisa."

Mwisho wakili akageuza kiti chake kikamwelekea msichana peke yake. "Sabiha, ungependa kusoma nini?"

"Udaktari," wakasema mama na mjomba kwa pamoja.

Sabiha alikuwa ameinamisha macho kwenye zulia. Mwatime alimtazama, roho ikamtulia. Mtoto hakumtia aibu. Tena wakili aliongeza halua mara ya pili, jambo ambalo Shee alilichukua kuwa jibu tosha, na waliporudi kwenye Beltway Mwatime akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele ndani ya gari.

Desemba jibu likaja, na halikuwa ndiyo wala hapana. Chuo kilisema kimemweka Sabiha kando. Kitamwangalia tena majira ya kuchipua, pamoja na kundi kubwa la wengine.

"Hawajamkataa," mshauri aliwaeleza, mama na binti, ofisini mwake. Kisha akavua miwani. Alikuwa amepiga simu huku na huku, na akaona afadhali waambiwe. "Wakili aliwasifu sana. Familia ya ukarimu, alisema. Lakini baada ya mazungumzo yote yale hakuweza kusema kwamba amekutana na mwombaji. Anafikiri labda msichana hana sauti yake mwenyewe. Sasa muandikie chuo kwamba bado mnakitaka, na huku tushushe malengo kidogo."

Mwatime hakungoja amalize. Aliinuka, akachukua mkoba wake, na walipofika nje penye kituo cha basi akalipuka.

"Hana sauti! Mtoto wangu hana sauti! Alikaa na adabu zake mtu yule hajapata kuona nyumbani kwake, yuwasema hana sauti! Mimi n'tamwendea. Wallahi n'tamwendea huko huko kwake, nimpe zake."

"Mama, he's right," Sabiha alisema.

Mwatime akageuka.

"You never let me talk. You and Uncle Shee."

"Nilikuuliza! Jikoni pale, nilikuuliza waridhia, ukanyamaza!"

"Kunyamaza kwangu," Sabiha akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, neno moja moja, asije akasikika vibaya, "ilikuwa hapana."

Mwatime akakaa kwenye benchi la kituo. Kila kitu alichokijenga, kiapo, halua, mabishano na mshauri, kanzu ya Shee, alikuwa amekijenga juu ya kimya kile, na kimya kile kilikuwa hapana. Aliona aibu. Aliona hasira vilevile, na ilimchoma zaidi kwa sababu alitafuta mtu wa kumtupia akamkosa. Akajiuliza kwa mara ya kwanza maishani kimya chake mwenyewe, siku ile Kibokoni, kilikuwa na maana gani. Alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Basi sema," alisema mwishowe. "Wataka nini?"

"Come. I'll show you."

Wakapanda basi la kwenda kaskazini mpaka Forest Glen, mahali ambapo reli ya Metro ipitayo chini ya ardhi ilikuwa ikiongezwa. Kulikuwa na ua wa waya, matope, na winchi kubwa iliyokuwa ikitoa mawe kutoka shimo ambalo mwisho wake huuoni. Sabiha akashika waya wa ua kwa vidole vyake vyote. Kisha akaanza kusema. Alisema habari ya mwamba ulioko chini, jinsi wanavyoutoboa na kuulipua kidogo kidogo, jinsi wanavyopigilia vyuma darini usiwaangukie, na maji yanakotokea, na kwa nini hapa wamelazimika kwenda chini zaidi ya kwingine. Aliyachanganya maneno ya lugha zote mbili bila kujali. Zile Jumamosi alizosema anakwenda maktaba, kumbe alikuwa akija hapa. Kulikuwa na chuo cha mambo ya migodi huko milima ya magharibi, alisema, kinachofundisha kazi hii hasa. Chuo cha kaskazini hakikuwa nayo hata kidogo.

Mwatime alimsikiliza mdomo wazi. Hajapata kumsikia mtoto huyu akisema mfululizo kiasi kile.

"Kwa hivyo wataka kuchimba mashimo," alisema.

"Tunnels, Mama."

"Kitukuu wa kadhi, achimbe mashimo."

Sabiha akanyamaza. Mwatime akakiona kimya kile, na safari hii akakiogopa. Akageuza macho kwa wanaume waliovaa kofia ngumu, waliokuwa wakipigiana kelele kando ya shimo, akawatazama mmoja mmoja.

"Mwanamke yuko pale?"

"I've never seen one."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mwatime akajifunga buibui vizuri. "Basi tutapeleka huko," alisema. "Watakukoma."

Januari walirudi kwa mshauri. Aliposikia habari ya chuo cha migodi alifungua tena jedwali lake, na safari hii halikuwa na mstari wa kumwonyesha. Wasichana wanaochukuliwa kule ni wachache mno, alisema. Labda wasiweke matumaini makubwa. Na kwa vyovyote vile wasiliondoe jina kaskazini, kwani chuo hicho bado kinaweza kumkubali.

"Kwetu," Mwatime akamwambia bila kumung'unya maneno, "tukipeleka posa tukaambiwa ngojeni barazani, twachukua sinia letu twenda zetu. Waambie ahadi hiyo imekwisha." Alikuwa ameshafungua mdomo kuongeza mengine, akaufunga. Akamgeukia binti yake. "Na wewe wasemaje?"

Akangoja. Sabiha aliyatazama magoti yake, kama kawaida yake, na mama hakuchukua hilo kuwa jibu. Aliendelea kungoja mpaka mshauri akaanza kukohoa.

"Tuondoe," Sabiha akasema. "Take my name off. I want the other one."

Chuo cha migodi kilimkubali mwezi wa Aprili. Nalisema sasa hivi lisije likatusumbua, na Shee alilitangaza msikitini na ubalozini kana kwamba wazo lilikuwa lake. Lakini ninalotaka kulieleza mimi ni la kabla ya hapo, la alasiri moja ya Februari huko Wheaton.

Chuo kile nacho kilikuwa na mtu wake hapa: Bwana Solomon, mhandisi aliyefanya kazi kwenye shimo lile lile la Metro, aliyetaka kuzungumza na Sabiha nyumbani kwake. Mama na binti walikwenda kwa basi. Theluji ilikuwa imerundikwa kando ya njia, na Mwatime amebeba mkebe wa halua, maana kuna mambo mtu hawezi kuyaacha yote kwa siku moja. Walipofika kwenye ngazi za nyumba wakakuta Datsun imeegeshwa, na Shee anashuka, kanzu na kofia ya vito.

"Nani alikwambia?" Mwatime akauliza.

"Nilipiga simu kwako, jirani yako akapokea. Msichana aingia nyumba ya mwanamume peke yake? Watu watasemaje?"

"Mkewe yumo ndani. Na mimi nipo hapa mlangoni. Sabiha, gonga, ingia."

"Mimi ni mjomba wake!"

"Na mimi ni mamake. Na sote wawili tulimziba mdomo mtoto huyu mpaka mtu akaandika hana sauti." Mwatime alikuwa amepanda ngazi ya juu, akasimama katikati, mkebe kifuani. "Kaka, nakuheshimu. Lakini hapa hupiti. Rudi garini, kuna joto."

Hakuna aliyewahi kumwambia Shee hupiti, hata mlinzi wa ubalozi. Alisimama kwenye theluji, akafura, akamtazama dada yake kuona kama anatania. Kisha akageuka, akaenda kukaa garini, akaufunga mlango kwa kishindo. Nyuma ya Mwatime mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa na kufungwa, na Sabiha yumo ndani.

Mwatime akakaa kwenye ngazi. Dirisha la sebule lilikuwa pembeni yake, na pazia halikufika mwisho. Sauti haikutoka. Alimwona Bwana Solomon, mzee mnene mwenye shati la mistari, ameegemea nyuma, mikono kifuani. Alimwona Sabiha ameinama, macho kwenye zulia. Sema, mwanangu. Sema chochote. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango. Angeweza kuingia mara moja tu, amwambie yule bwana habari ya hesabu zake, amwambie habari ya Jumamosi zile kwenye ua wa waya, atoke. Maneno yalikuwa tayari, yamemjaa kooni. Akaurudisha mkono, akaukalia.

Alipotazama tena, Sabiha alikuwa ameinua uso. Mikono yake ilikuwa hewani, inachora dari kubwa ya mviringo, halafu ngumi ikapiga kiganja, halafu vidole vikashuka kama maji yanayovuja. Bwana Solomon akaacha kuegemea. Akasema kitu, Sabiha akatikisa kichwa, hapana, akambishia. Akambishia mzee wa watu, mbele yake, nyumbani kwake! Bwana Solomon akacheka, akainuka kutafuta karatasi, wakainama wote wawili juu ya meza.

Mwatime alilia pale kwenye baridi, na hakujificha Shee asimwone.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mke wa Bwana Solomon, na shali mkononi. "Mama, utaganda hapa nje! Ingia ndani, kuna chai, wao bado wana maneno mengi."

Mwatime akampa mkebe wa halua. "Wapelekee hii," alisema. "Mimi n'takaa hapa hapa."

"Lakini kwa nini?"

"Nikiingia," Mwatime akasema, "nitasema."